Kuandika Logi ya Shindano la Redio Bila Kukatwa Pointi

Katika mashindano ya redio ya ridhaa, pointi ambazo programu inakuonyesha dakika ya mwisho ni madai tu, na waandaaji wenyewe huziita hivyo hivyo, pointi zinazodaiwa. Pointi halisi hupatikana baadaye, pale logi yako, yaani orodha ya mawasiliano uliyoyafanya, inapolinganishwa na maelfu ya logi nyingine mstari kwa mstari. Mwongozo huu unahusu pengo lililopo kati ya hesabu hizo mbili, linatokana na nini na linazibwaje ukiwa bado hewani, kwa sababu shindano likishamalizika karibu hakuna kinachoweza kuzibwa.

Nitatumia kanuni za CQ World Wide, shindano la saa 48 linalofanyika kwa sauti wikendi kamili ya mwisho ya Oktoba na kwa Morse wikendi kamili ya mwisho ya Novemba. Mashindano mengine yana adhabu zake, tena zinazotofautiana sana, hivyo soma kanuni za shindano lako kabla ya kuwasha mtambo. Kolisaini, yaani herufi na namba zinazotambulisha kituo, zote zenye QQ hapa chini nimezitunga kwa mfano.

Namna ya kuhesabu ni hii. Sisi tulioko Afrika tunapata pointi 3 kwa kila kituo kilicho bara jingine, pointi 1 kwa kituo cha nchi nyingine ya Afrika, na sifuri kwa kituo cha nchi yetu wenyewe, ingawa hicho cha sifuri bado kinaweza kutupa kizidishi. Vizidishi ni kanda (maeneo ya dunia yaliyopewa namba) na nchi mpya katika kila bendi (fungu la masafa, kama mita 20). Jumla ya pointi huzidishwa kwa jumla ya vizidishi, na hapo ndipo kosa dogo linapopata nafasi ya kuwa kubwa.

Sasa adhabu. Ukiandika kolisaini kimakosa, mawasiliano hayo yanafutwa na juu yake unakatwa mara mbili ya pointi zake. Hali ni hiyo hiyo ukidai kuwasiliana na kituo ambacho katika logi yake wewe hupo. Kwa kituo cha Ulaya au Marekani maana yake ni kwamba unapoteza pointi 3 ulizojihesabia, kisha unalipa 6 nyingine, jumla 9, sawa na kazi ya mawasiliano matatu. Ukikosea ujumbe uliopokea, yaani namba ya kanda, mawasiliano yanafutwa bila faini. Kituo kilichorudiwa katika bendi ile ile nacho kinaondolewa bila faini.

Tuchukue logi ya kubuni yenye mawasiliano 500, ambapo 470 ni ya pointi 3 na 30 ni ya pointi 1, hivyo jumla ni pointi 1,440. Ikiwa umekusanya kanda 25 na nchi 60, vizidishi ni 85, na dai lako ni 122,400. Tuseme kati ya mawasiliano hayo kolisaini 20 za pointi 3 zilikuwa mbovu, na vizidishi viwili vilitegemea kolisaini hizo peke yake. Zinaondoka pointi 60, inafuata faini ya 120, na unabaki na 1,260 kuzidisha kwa 83, ambayo ni 104,580. Makosa ya asilimia 4 ya mawasiliano yamekula zaidi ya asilimia 14 ya matokeo.

Swali la msingi basi ni hili: kolisaini ambayo hukuisikia vizuri uiandike au uiache? Wengi hujibu kwa moyo, ilhali jibu lipo katika hesabu. Tuseme umeandika kolisaini kumi ambazo kila moja una uhakika nayo nusu kwa nusu. Tano zikiwa sahihi unapata pointi 15, na tano mbovu zinakutoza 30, hivyo umekesha ili uwe na deni la 15. Ukiwa na uhakika wa mbili kati ya tatu, katika kila kolisaini tisa utapata sita, yaani pointi 18, na zile tatu mbovu zitazichukua zote 18. Hapo ndipo mpaka ulipo. Chini ya theluthi mbili ya uhakika, kuandika ni hasara. Juu kidogo ya hapo, faida ni ndogo mno kiasi kwamba kuomba marudio ni afadhali daima, maana kurudiwa kunachukua sekunde tano au sita, na hata ukiwa unafanya mawasiliano 60 kwa saa, kolisaini moja mbovu inakugharimu dakika tatu.

Kusikia kabla ya kuandika

Unapoitwa na vituo vingi kwa pamoja, mara nyingi unapata kipande tu. Jibu kwa kipande hicho na usikijazie kwa kubahatisha. Ukipata herufi mbili za mwisho, ziite hizo hizo na usubiri. Ukishaipata kolisaini nzima, itamke au itume nzima, kisha sikiliza anavyojibu. Hapa pana kanuni isiyoandikwa ambayo mgeni huchelewa kuigundua: mtu uliyempata sawasawa hana haja ya kurudia kolisaini yake, anakupa kanda tu na kuondoka. Akiitaja tena baada ya ripoti yako (namba ya usikivu, kama 599, pamoja na kanda), tena kwa mkazo, anakwambia kwamba umekosea. Usimshukuru na kumpita. Rekebisha, mrudishie kolisaini iliyosahihishwa, na umwite anayefuata baada ya yeye kukubali.

Katika Morse, nukta moja inatosha kukuhamishia bara. Namba 5 ni nukta tano na herufi H ni nukta nne. Kituo cha Ufaransa kinachoanza na F5, nukta moja ikimezwa na mkwaruzo wa radi, kinakuwa FH, na FH ni Mayotte, jirani wa Komoro. Pointi zako 3 zinageuka 1, programu inakumulikia kizidishi adimu kwa rangi ya kupendeza, na furaha hiyo ndiyo inayokuzuia kutilia shaka. Kinachokuokoa ni kanda: Ufaransa hutuma 14 na Mayotte hutuma 39. Ukisikia 14 kutoka kwa FH, simama. Namba 6 na herufi B zina hitilafu kama hiyo, kwani zote huanza kwa mstari mmoja, kisha 6 ina nukta nne na B ina tatu. Namba 4 na herufi V hutofautiana kwa nukta moja vilevile.

Kwa sauti, mtego uko kwenye namba tano na tisa za Kiingereza, ambazo katika kelele hufanana kabisa. Ndiyo maana waongozaji ndege huzitamka kwa namna yao ya pekee. Mtanzania anayetumia 5H huandikwa 9H, ambayo ni Malta, na mwandishi wa upande wa pili haoni ajabu yoyote, kwa kuwa Malta nayo husikika kila mwaka. Kuna jambo jingine linalowahusu ndugu zetu wa Kenya. Herufi Z rasmi ni Zulu, lakini hewani wapo wengi wanaopenda kusema Zanzibar kwa sababu ni neno refu linalopenya. Mkenya mwenye 5Z4 anayejiita kwa Zanzibar anaweza kumfanya msikilizaji wa mbali aanze kufikiria nchi nyingine kabisa. Ningemshauri abaki na Zulu.

Unapozunguka bendini kutafuta vituo, badala ya kukaa mahali pamoja na kuita, hatari ni ya aina nyingine: kudhani umejibiwa wakati aliyejibiwa ni mwenzako. Katika msongamano, kituo cha Japani kinajibu kolisaini inayoishia kwa herufi kama zako, wewe unatuma ripoti yako, unasikia shukrani, unaandika. Yeye hakukuandika kabisa. Matokeo ya logi yakitoka utajikuta huna pointi na faini juu. Kabla ya kugusa kitufe cha kuandika, hakikisha umesikia kolisaini yako nzima kutoka kinywani mwake au katika Morse yake. Kama hukuisikia, muulize. Atakereka kidogo, na hilo si kosa la jinai.

Ukitumia orodha za vituo zinazopita kwenye intaneti, chukulia kila kolisaini iliyomo kuwa ni uvumi mpaka sikio lako liithibitishe. Mtu mmoja akiandika vibaya huko, mamia hubofya na kunakili kosa lake bila kusubiri kituo kijitaje. Hali kadhalika hazina ya kolisaini zinazojulikana, ile inayokuonyesha majina yanayokaribiana unapoandika: inafaa kukuamsha usikilize tena, haifai kukuamulia. Kituo kipya hakimo humo, na ukibadilisha ulichosikia ili kilingane na kilichomo, umeiharibu kolisaini iliyokuwa sahihi.

Kanda nazo usikubali kujaziwa. Programu hubahatisha kanda kutokana na kolisaini, na kwa nchi ndogo huwa sahihi. Marekani ina kanda 3, 4 na 5, na mtu aliyepewa kolisaini yenye namba 6 akiwa California anaweza kuhamia Florida nayo, hivyo atakutumia 5 wakati skrini inaonyesha 3. Hata kwetu mipaka si ile unayoitarajia. Tanzania, Kenya na Uganda ziko kanda 37, lakini Kongo, Rwanda na Burundi ziko 36, kwa hiyo Kigoma na Bujumbura, zinazoogelea ziwa moja, hutuma namba tofauti. Angalia pia usichanganye kanda hizi na zile za ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, ambazo hutumika katika shindano la Julai la IARU, umoja wa kimataifa wa redio ya ridhaa: huko Kenya hutuma 48 na Tanzania hutuma 53. Ukiacha namba ya shindano la Julai kwenye programu hadi Oktoba, utawapa watu ujumbe usio sahihi kwa siku mbili nzima.

Saa, bendi na faili

Muda wa logi ni UTC, saa ya pamoja ya dunia. Tofauti kati ya muda wako na wa mwenzako ikizidi dakika 15, mawasiliano yanaondolewa. Hili linaonekana jepesi mpaka ukumbuke kwamba Mswahili ana saa za namna tatu kichwani: ya UTC, ya Afrika Mashariki na ya Kiswahili. Mwaka wangu wa kwanza, nikiwa Tanga, umeme ulikatika asubuhi ya Jumamosi nikahamia betri na daftari la karatasi. Kwa uchovu wa kukesha nikaandika muda nilioutamka kimoyomoyo. Mawasiliano yaliyofanyika saa 0712 za UTC, ambazo hapa ni 1012, niliyaandika 0412, kwa sababu kwangu mimi ilikuwa saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Kurasa mbili zilikwenda hivyo. Tangu siku hiyo, mezani pangu pana saa moja tu iliyowekwa UTC, na ile ya ukutani naigeuza iangalie ukuta.

Shindano huanza saa 0000 za UTC siku ya Jumamosi, ambayo kwa Afrika Mashariki ni saa tisa za usiku wa kuamkia Jumamosi, na hukoma muda kama huo usiku wa kuamkia Jumatatu. Kwa anayeandika kwa mkono, tarehe ni mtego wa pili, kwani kati ya saa sita na saa tisa usiku kalenda yetu imeshageuka na ya UTC bado. Kompyuta isiyo na intaneti huachana na saa sahihi kidogo kidogo, kwa hiyo isahihishe Ijumaa jioni kwa simu au kwa kipokezi cha GPS.

Bendi hukosewa kimya kimya zaidi kuliko kitu kingine chochote. Kama redio haijaunganishwa na kompyuta kwa waya, unaweza kuhama kutoka mita 20 kwenda mita 15, ukasahau kuibadilisha programu, na saa nzima ya kazi ikaandikwa kwenye bendi ambayo hukuwapo. Mkaguzi akitafuta mawasiliano hayo katika logi za wenzako hatayakuta pale ulipodai, na mistari yote hiyo huwa hatarini. Waya huo hauna bei ya kutisha. Nunua kabla ya kununua antena nyingine.

Faili la logi hutumwa kwa muundo uitwao Cabrillo, ambao ni maandishi ya kawaida unayoweza kuyafungua na kuyasoma. Mstari mmoja unafanana hivi:

QSO: 21032 CW 2024-11-23 0712 5H3QQ 599 37 DL6QQ 599 14

Yaani kilohezi, Morse, tarehe na saa za UTC, kisha kolisaini yako na ulichotuma, halafu kolisaini ya mwenzako na ulichopokea. Kabla ya kutuma, fungua faili na uangalie mistari michache ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho: kolisaini yako iko sawa? Kanda uliyotuma ni 37 kila mahali? Ile 21032 inalingana na bendi unayoikumbuka? Muda wa kutuma ni siku tano, yaani saa 120 baada ya shindano kumalizika.

Ukaguzi huo una mpaka wake, na mpaka huo uuheshimu. Kanuni zinakataza kusahihisha kolisaini na ujumbe baada ya shindano kwa kutumia hazina za kolisaini, rekodi za sauti, barua pepe au njia nyingine yoyote ya kuthibitisha. Herufi uliyoikosea kwa kidole irekebishe pale pale hewani, wakati sikio bado linakumbuka. Jumatatu asubuhi, kikombe cha chai mkononi, umechelewa. Kumwandikia rafiki na kumuuliza iwapo kolisaini yake ni kama ulivyoiandika ni udanganyifu, hata kama nia ni njema.

Yapo mawasiliano uliyoyaanza yakakatika, au kolisaini ambayo mwishowe hukuiamini. Usiyafute. Mstari unaoanza kwa X-QSO badala ya QSO hauhesabiwi kwako, hivyo hupati pointi wala hukatwi, lakini mkaguzi bado anaweza kuutumia kukagua logi ya mwenzako. Ukiufuta, na yeye kwa upande wake aliamini mmemaliza, umemtupia faini asiyostahili. Uamuzi huo ufanye na uuwekee alama ukiwa bado kwenye kiti. Vivyo hivyo na aliyekwisha kukuita awali katika bendi ile ile: usibishane naye kwamba mmeshawasiliana. Mpe ripoti, mwandike, mwache aende. Inachukua muda mfupi kuliko mabishano, haina faini, na pengine mara ya kwanza mmoja wenu alikosea. Mistari iliyorudiwa iache ndani ya faili.

Kwa vizidishi, nina tabia moja ambayo imeniokoa mara kadhaa. Nchi au kanda ambayo nimeipata kwa kituo kimoja tu katika bendi, nacho kilikuwa kwenye kelele, naitafutia kituo cha pili. Mstari wa kwanza ukifa, wa pili unakibeba kizidishi. Kwa kituo chetu kidogo, kizidishi kimoja ni zaidi ya pointi elfu, kama ulivyoona kwenye mfano wa hapo juu.

Ripoti ya ukaguzi

Matokeo yakishatangazwa, unaweza kupata ripoti ya ukaguzi wa logi yako, na hii ndiyo shule yenyewe. Inaonyesha kila kolisaini uliyoikosea ikiwa pamoja na ile iliyokuwa sahihi, kila kituo ambacho katika logi yake hukuonekana, kila kanda uliyoiandika vibaya, na vizidishi vilivyopotea. Ipo pia orodha ya kolisaini ambazo hazikuonekana katika logi ya mtu mwingine yeyote. Hizo hazikatwi kwa sababu hiyo peke yake, lakini zikiwa nyingi ujue kwamba sehemu kubwa si vituo adimu bali ni masikio yako.

Ipange ripoti kwa saa kabla ya kuipanga kwa aina ya kosa. Makosa yangu hurundikana kati ya saa nane na saa kumi na moja alfajiri ya Jumapili, mwili ukiwa umechoka na bendi ya mita 40 ikiwa imejaa Wamarekani. Nililala kwa muda wa saa mbili katikati ya kipindi hicho mwaka uliofuata, nikapoteza mawasiliano kadhaa, na faini zikapungua zaidi ya kile nilichopoteza.

Sehemu ambayo watu hawaisomi ni ile inayoorodhesha vituo vilivyokuandika wewe vibaya. Haikukati kitu, kwani faini ni yao, ila inakueleza unavyosikika. Yangu ya Morse ilijaa HH3. HH ni Haiti. Nilikuwa natuma kolisaini yangu kwa mwendo wa maneno 32 kwa dakika, na katika mwendo huo nukta tano za 5, kimya kifupi, nukta nne za H, kimya kifupi, na nukta tatu za kuanzia 3 vilisikika Ulaya kama mvua juu ya bati. Sasa ripoti na shukrani natuma kwa 32 kama zamani, lakini kolisaini yenyewe nimeiwekea 26 kwenye kitufe chake, na nafasi kati ya 5 na H nimeirefusha kwa nusu.